UZI: Feni ya laptop imekufa au inakwaruza? Namna ya kuipima, kuibadilisha na kuihakiki (mfano HP 840 G3 na ThinkPad T480)

fundi_bisibisi:
Wakuu, maswali ya feni yanajirudia kila mara na majibu yametawanyika kwenye nyuzi tofauti, kwa hiyo naweka utaratibu mzima hapa. Mfano wangu mkuu ni HP EliteBook 840 G3, kwa sababu za mtumba zimejaa kuanzia Kariakoo ya Dar hadi Luthuli ya Nairobi, na feni zake nyingi sasa zimefikia umri wa kuchoka.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni hii: unawasha, skrini inaandika System Fan na namba 90B, halafu inakupa sekunde 15 kabla ya kujizima. Ukibonyeza Enter itaendelea kuwaka bila feni. Itumie hiyo Enter kuokoa faili zako tu. Nakili kwenye fleshi, zima, usiendelee na kazi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. 90B haisemi "nunua feni". Inasema bodi (ubao mkuu wa mashine) imetoa amri ya kuzungusha na haikupata jibu. Feni ya aina hii ina waya 4. Kwa kawaida mwekundu ni volti 5, mweusi ni hasi, wa njano hurudisha taarifa ya mzunguko (mapigo mawili kila feni inapozunguka mara moja), na wa buluu hupokea amri ya kasi. Mapigo ya waya wa njano yasipofika, ujumbe unatokea. Yanaweza kukosekana kwa sababu feni imekabwa na vumbi, beringi (kitundu ambamo mhimili wa feni huzungukia) imekauka, plagi imelegea, waya umekatikia karibu na plagi, au soketi kwenye bodi imeharibika. Kati ya hizo zote, feni mpya inatibu beringi na waya tu. Kwa hiyo fungua kwanza, nunua baadaye.

Kufungua:

Zima kabisa, usiiache kwenye usingizi. Chomoa chaja. Tandika kitambaa safi mezani, geuza mashine, legeza skrubu za kifuniko cha chini kwa bisibisi ya nyota ndogo, PH0 au PH1 kadiri inavyokaa vizuri kwenye kichwa cha skrubu. Bisibisi ndogo kupita kiasi ndiyo inayokula vichwa. Kifuniko kisipotoka usikivute kwa nguvu, tafuta skrubu uliyoisahau. Kisha pitisha kadi ya plastiki pembeni, usitumie kisu.

Kitu cha kwanza kukigusa ndani ni plagi ya betri, si feni. Betri ya 840 G3 (CS03XL) iko ndani, kwa hiyo hata chaja ikiwa imechomolewa bodi bado ina umeme. Chomoa plagi yake, halafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha fremu utoe umeme tuli mwilini.

Sasa angalia plagi ya feni. Ikiwa imeinuka upande mmoja, huenda kazi yako imeishia hapo. Irudishe, iwashe, ujaribu.

Kama ilikuwa imekaa sawa, sukuma mapanga kwa kidole taratibu. Feni nzima inazunguka kidogo yenyewe baada ya kuiachia. Inayosimama papo hapo, inayokwaruza au inayocheza upande kwa upande, beringi yake imekwisha.

Kwenye 840 G3 feni inatoka peke yake bila kugusa hitisinki (shaba yenye mapezi inayotoa joto la prosesa), na hii ni nafuu kubwa kwa sababu hulazimiki kubadili pesti, ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na shaba. Toa plagi kwa kusukuma mabega yake kwa ncha ya plastiki au kibano, kushoto kidogo, kulia kidogo. Usivute waya. Fungua skrubu za feni, inyanyue, mpya ikae palepale.

Nisisitize jambo moja ambalo halionekani kwenye video nyingi: chungulia kati ya mdomo wa feni na mapezi ya hitisinki. Hapo hukaa vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi la kijivu, unene wa milimita mbili au tatu. Ukiwa na feni mpya lakini blanketi hilo bado lipo, feni itazunguka, 90B itaondoka, na mashine itachemka vilevile.

Kipimajoto:
Asante mkuu. Je, kuna namna ya kuipima feni ikiwa nje ya mashine kabla mtu hajaagiza nyingine? Wengine tuko mbali na mjini, feni ikiagizwa inachukua siku kadhaa.

waya_mwekundu:
Ipo, na ni rahisi. Chukua waya wa USB uliochakaa, ukate, utafute mwekundu na mweusi wa ndani. Mwekundu kwa mwekundu wa feni, mweusi kwa mweusi, chomeka kwenye chaja ya simu ya volti 5. Tumia chaja, si pawabanki, kwa kuwa pawabanki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Waya wa njano na wa buluu uache wazi. Feni nyingi za waya 4 zikikosa amri kwenye waya wa buluu huzunguka kwa kasi yote.

Mambo matatu kabla hujaunganisha. Soma lebo kwanza: feni nyingi za laptop zinaandikwa DC 5V na ampea kati ya 0.3 na 0.5. Rangi si sheria, kuna feni zenye waya zote nyeusi, hivyo fuata mpangilio wa pini kutoka kwenye bodi. Na usijaribu kamwe kwa volti 12 ya chaja ya ruta, utaiua feni nzima kwa sekunde moja.

Matokeo yasome hivi. Haizunguki kabisa: feni imekufa. Inazunguka baada ya kuisukuma: beringi inakwama, imekwisha. Inazunguka vizuri na kimya: usinunue feni, tatizo liko kwenye waya wa njano, plagi au bodi.

Mwenye multimita anaweza kwenda hatua moja zaidi: mashine ikiwa inawaka, pima soketi ya feni kati ya pini ya chanya na hasi. Ukiona karibu volti 5, bodi inatoa umeme. Ukiona sifuri, hata feni kumi mpya hazitasaidia. Fanya hivi ukiwa na ncha nyembamba za mita na mkono uliotulia, maana pini ziko karibukaribu, na ncha ikigusanisha mbili utaunguza njia ya umeme kwenye bodi.

Zuhura_K:
Na wanaosema tone la mafuta linatosha, badala ya kununua? Mtaani kwetu fundi anaweka mafuta ya nazi.

fundi_bisibisi:
Dada Zuhura, mafuta ya nazi hapana. Yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mashine ikilala usiku kwenye baridi ya Iringa au Limuru, asubuhi kwenye beringi kuna mafuta magumu, feni inakwama, 90B inarudi. Mafuta ya kupikia nayo yakipata joto siku nyingi yanakuwa gundi. WD-40 inaosha mafuta yaliyokuwepo kisha inakauka.

Mafuta ya cherehani, yale mepesi, tone moja kwenye mhimili, yanaweza kunyamazisha feni inayokwaruza. Bandua mapanga kwa kuyavuta juu sawasawa (mengi yameshikwa na sumaku tu, yasipotoka usilazimishe), futa uchafu mweusi kwenye mhimili kwa pamba, weka tone, rudisha. Ila hiyo ni ya kukuvusha wiki chache ukisubiri kipuri. Feni inayocheza upande imeshalika shimo la beringi, na mafuta hayajazi chuma kilicholika.

Kipimajoto:
Vumbi je? Blowa inatosha?

waya_mwekundu:
Inatosha ukishika mapanga yasizunguke. Zuia kwa kijiti cha mbao au kidole. Ukiyaacha yazunguke kwa upepo wa blowa, yanakwenda kasi kuliko yalivyoundwa, beringi inaumia, na mota inageuka jenereta ndogo inayorudisha umeme kwenye bodi. Bora zaidi toa feni, blanketi la vumbi liondoe kwa kibano likiwa kipande kimoja, kisha mswaki laini. Ukipuliza tu bila kufungua, vumbi hilo linaingia ndani zaidi kati ya mapezi.

mapezi_ya_shaba:
Naongeza upande wa ThinkPad T480, kwa kuwa taratibu zake zinatofautiana na wengi wanafuata video ya HP.

Kwanza, betri ya ndani izimwe kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) kabla ya kufungua. Bonyeza F1 wakati wa kuwasha, ingia Config, halafu Power, chagua Disable Built-in Battery. Mashine itajizima na haitawaka mpaka uichomekee chaja tena. Kisha chomoa chaja na toa betri ya nje. Kifuniko kina skrubu 6 ambazo hazitoki kabisa, zinabaki humohumo, kwa hiyo usihangaike kuzivuta.

Pili, na hili ndilo kubwa: kwenye T480 feni na hitisinki ni kitu kimoja. Huwezi kubadili feni bila kuinua shaba kutoka kwenye prosesa, kwa hiyo pesti mpya ni lazima. Usithubutu kurudishia juu ya ile ya zamani iliyokauka, inapasuka na kuacha mianya ya hewa.

Skrubu za hitisinki zimeandikwa namba. Kulegeza anza na namba kubwa kushuka, kukaza anza na 1 kupanda. Zungusha kila moja kidogokidogo, usikaze moja mpaka mwisho ukaacha nyingine, maana prosesa ya laptop haina kofia ya chuma kama ya kompyuta ya mezani. Ni kioo cha silikoni kilicho wazi. Kikiinamiwa upande mmoja kinamegeka ukingoni, na hapo hakuna fundi.

Hitisinki ikigoma kunyanyuka, zungusha kidogo kushoto na kulia kuvunja gundi ya pesti. Ukiwasha mashine dakika tano kabla ya kuanza, pesti inakuwa laini na inaachia kirahisi.

Tatu, T480 zipo za aina mbili, yenye kadi ya picha ya MX150 na isiyo nayo, na hitisinki zake hazifanani. Angalia yako kabla ya kulipa.

Zuhura_K:
Pesti kiasi gani, na ya aina gani? Kuna wanaopaka mpaka inafurika.

mapezi_ya_shaba:
Punje moja ya mchele katikati ya kioo cha prosesa. Kioo ni cha mstatili mrefu, kwa hiyo unaweza kuivuta iwe mstari mfupi. Mgandamizo wa skrubu ndio unaoitandaza. Kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo midogo isiyoonekana kati ya silikoni na shaba. Ikiwa nene, yenyewe inakuwa kizuizi cha joto.

Safisha ya zamani kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisichotoa nyuzi, pande zote mbili, mpaka shaba ing'ae na silikoni ionyeshe sura yako kama kioo. Subiri ikauke.

Kwenye prosesa hizi utaona vioo viwili, kikubwa na kidogo. Pesti inakwenda pale ambapo shaba inagusa. Pale palipokuwa na pedi laini ya mpira, rudisha pedi ya unene uleule. Ukiweka ya milimita 1 mahali pa nusu milimita, hitisinki inainuka na prosesa haiguswi. Ukiweka pesti mahali pa pedi, kuna mwanya usiojazwa.

Aina: pesti yoyote isiyopitisha umeme kutoka kwa muuzaji anayeuza mara kwa mara, kama Arctic MX-4. Kibomba cha gramu 4 kinatosha laptop nyingi. Metali ya kimiminika achana nayo, inapitisha umeme na ina galiamu inayokula alumini. Dawa ya meno pia achana nayo, inakauka upesi kwa joto.

mnunuzi_makini:
Naomba niweke la ununuzi, kwa sababu feni isiyo sahihi ndiyo inayowarudisha watu dukani mara tatu.

Usiende na jina la mashine peke yake. "Feni ya HP 840" inaweza kuwa G1, G3 au G5, na hazibadilishani. Nenda na namba ya kipuri. HP wanaandika tarakimu sita, kistari, kisha 001. Lenovo wanaiita FRU, Dell wanaandika DP/N. Namba hizo ziko kwenye kibandiko cha feni yenyewe. Kibandiko kikiwa kimefutika, chukua namba ya mfululizo (serial number) ya mashine uiingize kwenye tovuti ya HP ya PartSurfer, au pakua mwongozo wa matengenezo wa modeli yako, wote wawili HP na Lenovo wanautoa bure.

Ukiwa na feni mbili mkononi, linganisha hivi: idadi ya waya (3 au 4), upana wa plagi, urefu wa waya, matundu ya skrubu, upande ambao mdomo wa hewa unatazama, na mwelekeo wa mapanga. Ya mwisho wengi hawaiangalii. Feni ya upande wa kulia na ya kushoto kwenye mashine zenye feni mbili zinafanana kwa umbo, lakini moja ni kinyume cha nyingine.

Feni iliyotumika ikiuzwa kama mpya utaijua kwenye mhimili. Mapanga yamesafishwa yanang'aa, lakini inua mbele ya mwanga uangalie shina lao, kuna pete ya uchafu wenye mafuta. Izungushe karibu na sikio. Mpya haitoi sauti ya mchanga.

Otieno_bodi:
Habari wadau. Swali: feni mpya imefungwa, ujumbe umeondoka, lakini inazunguka kwa kasi yote tangu kuwasha, hata mashine ikiwa imepoa. Feni mbovu?

waya_mwekundu:
Ndugu Otieno, anza na plagi. Waya wa amri usipogusa vizuri, feni inafanya kilekile nilichosema kwenye jaribio la chaja ya simu: inakosa maelekezo na kukimbia. Chomoa, angalia pini kama hazijainama, rudisha mpaka isikike imeingia.

Kama plagi iko sawa, angalia kama feni ni ya namba sahihi. Baadhi ya feni za kuiga zina plagi ileile lakini mpangilio wa waya umebadilishana. Linganisha rangi kwa rangi na ile ya zamani.

Ikibaki vilevile, toa plagi ya betri na chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha. Chipu inayosimamia feni inaanza upya. Baada ya hapo HP inaweza kuonyesha ujumbe wa saa kupoteza umeme, namba 005. Hiyo si feni, weka tarehe tu. Ikijirudia kila unapowasha, betri ndogo ya saa imekwisha.

Mwisho, kwenye BIOS ya HP kuna mpangilio wa feni kuzunguka muda wote chaja ikiwa imechomekwa, Fan Always on while on AC Power. Ukiuzima, feni inapumzika mashine ikipoa. Huo ukiwa umewashwa feni inazunguka polepole, haikimbii, kwa hiyo usiulaumu kwa kelele kubwa.

Otieno_bodi:
Imeeleweka, ni pini moja ilikuwa imeinama. Shukrani.

Kipimajoto:
Na soketi ya kwenye bodi ikivunjika wakati wa kuchomoa?

fundi_bisibisi:
Hapo weka bisibisi chini. Ikiwa ni plastiki tu imeng'oka na pini bado zimesimama, inaweza kurudishwa na kushikwa kwa mkanda wa kaptoni (unaostahimili joto). Ikiwa pini zimeng'oka pamoja na shaba ya bodi, ni kazi ya mwenye hadubini na solda ya hewa moto. Wapo wanaounganisha waya moja kwa moja kwenye bodi. Inafanya kazi, lakini mtu anayefuata kufungua feni ataivunja bodi. Soketi mpya ni kitu kidogo, sisitiza iwekwe hiyo.

Ili yasikufike: plagi nyingi za feni zinatoka kwa kusukumwa kando, sambamba na bodi, lakini zipo zinazonyanyuliwa juu. Angalia zimeingiaje kabla ya kugusa. Kuinua plagi inayotakiwa kusukumwa ndiko kunakong'oa soketi.

mapezi_ya_shaba:
Kuna mkanda mweusi au sponji nyembamba inayoziba mwanya kati ya feni na mapezi. Ukiutoa, urudishe. Ukichanika, tumia mkanda unaostahimili joto, si selotepu. Bila huo, hewa moto inavuja ndani ya mashine, inanyonywa tena na feni ileile, na utashangaa kwa nini joto halishuki ilhali kila kitu ni kipya.

Zuhura_K:
Nimebakiwa na moja. Nikishafunga nitajuaje imekubali? Nyuzi ngapi ni sawa?

fundi_bisibisi:
Kabla ya kukaza kifuniko chote, rudisha plagi ya betri, kiweke kifuniko juu kwa skrubu mbili tu, uwashe. Sikiliza. Mlio wa tik tik unaofuata kasi ni panga linalogusa waya au mwili wa feni. Mara nyingi waya haukupitishwa kwenye njia yake, au skrubu ya feni imekazwa mpaka sahani imepinda. Legeza robo mzunguko uone.

Kisha weka kipande cha karatasi ya chooni mbele ya tundu la kutolea hewa. Kinatakiwa kisukumwe nje. Kikinyonywa au kisipotikisika, mwelekeo wa feni au mapezi yana tatizo.

Halafu joto. Kwenye Windows tumia programu ya HWiNFO. Kwenye Linux andika amri ya sensors kwenye terminal, na kwa ThinkPad soma /proc/acpi/ibm/fan, itakuonyesha mizunguko kwa dakika. Kwa prosesa za wati 15 kama i5-6300U, mashine ikiwa imetulia kwenye chumba cha joto la Dar, nyuzi 45 hadi 55 ni kawaida. Ipe mzigo mzito dakika 15. Ikipanda na kutulia kwenye 75 hadi 90, iko vizuri. Kikomo chake ni 100. Ikigonga huko ndani ya sekunde chache za mwanzo na kasi ya prosesa ikaporomoka, usiilaumu feni: shaba haijagusa prosesa sawasawa. Ikipanda polepole kwa dakika kadhaa bila kutulia, hewa ndiyo haitoki, rudi kwenye mapezi na ule mkanda mweusi.

Ikipita hapo, kaza skrubu zilizobaki. Fupi zirudi kwenye matundu mafupi. Skrubu ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi inatokeza upande wa kibodi na kuinua vitufe, au inatoboa bodi.